Kwa Nini Disketi ya Jirani Haikusomeka

Wanangu, kompyuta ya hadithi hii ilifika kwa posta ikiwa vipande vipande. Jarida la Popular Electronics la Marekani, toleo la Januari 1975, lilitoa kwenye jalada picha ya sanduku la chuma lenye safu za swichi na taa ndogo. Jina lake Altair 8800. Walioliuza ni kampuni ndogo ya MITS ya mji wa Albuquerque. Kwa karibu dola 400 uliletewa bodi tupu, mfuko wa chipu, mfuko wa vipuri vingine na kitabu cha maelekezo, halafu shughuli ni yako. Unashika pasi ya lehemu, unayeyusha risasi kwenye kila mguu wa kila chipu, na mguu mmoja ukiurukia, mashine inanyamaza tu, wala haisemi inaumwa wapi.

Tuseme umefaulu. Taa zinawaka. Ulicho nacho ni kompyuta isiyo na kibodi wala kioo, na kumbukumbu yake, kama hukuongeza pesa, ni baiti 256. Aya hii unayoisoma ina herufi nyingi kuliko hizo. Kuiingizia programu unapanga swichi nane kwa baiti moja, unabonyeza swichi ya kuhifadhi, unaanza kupanga baiti inayofuata. Ukizima umeme, kazi yote ya jioni imefutika.

Wenye uwezo walinunua teletaipu, mashine ya kuchapa iliyosoma pia utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, herufi 10 kwa sekunde. Wengine walichukua kinasa kaseti cha kawaida, kile cha kusikilizia muziki, wakakiunga na kompyuta. Kwa mtindo mmoja uliopendwa sana, kaseti ilipitisha baiti 27 hivi kwa sekunde. Programu ikiwa katikati ya mkanda, unaurudisha nyuma, unaupeleka mbele, unasikiliza milio, unakisia. Kilichokosekana ni kitu kinachokumbuka hata umeme ukizimwa, na kinachoruka moja kwa moja mpaka pale unapopataka.

Kitu hicho kilikuwapo tayari, ila mikononi mwa wakubwa. Mwaka 1967 wahandisi wa IBM huko San Jose, California, walipewa kazi ya kutafuta njia rahisi ya kupakia maelekezo ya ndani kwenye kompyuta zao kubwa, zile za kujaza chumba. Alan Shugart alikuwa mkubwa wa idara, na David Noble aliongoza kikundi kidogo kilichoishika kazi yenyewe. Walichopata ni duara la plastiki laini lililopakwa unga wa oksidi ya chuma na kuvikwa koti, jumla yake inchi 8 kila upande. Oksidi ya chuma ni kutu, wanangu. Ile rangi ya kahawia inayochungulia kwenye dirisha la disketi ni kutu iliyosagwa laini na kugandishwa kwa gundi, na kila chembe yake inaweza kugeuzwa sumaku, ielekee huku au kule. Koti lina kitambaa kwa ndani cha kufuta vumbi diski inapozunguka, kwa sababu kichwa cha kusomea hakielei hewani. Kinaigusa kutu yenyewe.

Disketi hizo zilianza kuuzwa mwaka 1971, na mwanzoni zilikuwa za kusomwa tu. Mwaka 1973 IBM ikatoa mtambo wa 3740, ambao uliandika pia, na hapo ndipo zilipotoka namba ambazo wajenzi wa kompyuta za nyumbani walizijua kwa moyo: traki 77, kila traki sekta 26, kila sekta baiti 128. Traki ni miduara iliyopangwa mmoja ndani ya mwingine. Sekta ni vipande vya kila mduara. Zidisheni wenyewe: baiti 256,256.

Huyu Shugart alikuwa ameshaondoka IBM, na mwaka huohuo wa 1973 akaanzisha kampuni yenye jina lake, iliyotengeneza viendeshi vya disketi na kuvipeleka sokoni. Kimoja kilimfikia Gary Kildall, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha jeshi la majini mjini Monterey. Kukipata ni jambo moja, kukitumia ni jambo jingine. Kiendeshi kinajua mambo machache mno: kuzungusha diski, kusogeza kichwa hatua moja ndani au hatua moja nje, na kupokea au kutoa mapigo ya umeme. Basi. Hakijui faili ni nini, hakijui sekta ni nini, hakijui hata kama kinachopita chini ya kichwa chake ni barua au takataka. Yote hayo ni kazi ya bodi inayokiongoza pamoja na programu iliyo nyuma yake. Kildall hakuwa na bodi. Rafiki yake John Torode akamjengea, na mwaka 1974 programu aliyoiandika Kildall, CP/M, ikaanza kuandika na kusoma mafaili kwenye disketi. Ndiyo programu iliyokuja kutawala kompyuta nyingi za kujijengea kwa miaka iliyofuata.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye utamu.

Disketi mpya ni tupu kabisa. Ina kutu tu, haina mduara wala kipande. Lazima mtu aamue sekta zianzie wapi. Wengine walilimaliza jambo hilo kwa kutoboa: MITS, kwa mfano, walitumia disketi za inchi 8 zenye matundu 32 kuzunguka katikati, tundu moja kwa kila sekta, pamoja na moja la ziada la kuonyesha mwanzo. Mwanga unapenya tundu, mashine inahesabu. IBM walitoboa tundu moja tu la mwanzo, na mipaka ya sekta wakaiandika kwa sumaku juu ya kutu. Kuandika mipaka hiyo ndiko kufomati. Kabla ya kila sekta huandikwa kitambulisho kifupi: hii ni traki ya ngapi, upande upi, sekta ya ngapi, ukubwa wake kiasi gani. Baada yake hufuata hesabu ya kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Mashine ikitaka sekta ya 9, inasoma vitambulisho vinavyopita mpaka ione 9, ndipo inapochukua kinachofuata.

Diski ya inchi 8 huzunguka mara 360 kwa dakika, yaani mara sita kila sekunde. Kwa mwendo huo baiti moja inafika kila baada ya mikrosekunde 32. Chipu ya 8080 iliyokuwa ndani ya Altair ilipiga mapigo milioni mbili kwa sekunde, kwa hiyo katikati ya baiti moja na nyingine ilikuwa na mapigo 64. Si mengi. Amri moja ilikula kati ya mapigo 4 na 18. Ndani ya nafasi hiyo programu iulize kama baiti imefika, iichukue, iiweke kwenye kumbukumbu, isogeze mahali pa kuweka, ipunguze hesabu, irudi kuuliza tena. Ikichelewa kidogo tu, baiti imepita.

Sekta nzima ikiisha kusomwa, kuna kazi nyingine: kuzipeleka zile baiti 128 zinakotakiwa na kujua sekta inayofuata ni ipi. Wakati programu inahangaika na hayo, diski haisimami kuingoja. Sekta ya 2 imeshaanza kupita. Ni kama daladala inayozunguka mji: ukifika kituoni nyuma yake kwa hatua tatu, utaingoja imalize mzunguko wote. Ukisoma traki kwa mpangilio wa 1, 2, 3, 4, kila sekta inakugharimu mzunguko mzima, yaani mizunguko 26, zaidi ya sekunde nne kwa traki moja. Diski yote itakula zaidi ya dakika tano.

Kildall akaruka sita sita. CP/M ilisoma sekta ya 1, kisha 7, 13, 19, 25, halafu 5, 11, 17, na kuendelea. Kufikia wakati programu ilipomaliza kuhangaika na sekta ya 1, ile ya 7 ilikuwa bado inakuja. Traki ikasomeka kwa mizunguko kama sita, sekunde moja hivi, na diski nzima kwa dakika moja na robo. Hakuongeza chipu wala hakubadilisha mota. Alibadilisha mpangilio tu.

Lakini angalieni jambo moja. Mpangilio huo wa sita sita haukuandikwa popote kwenye diski. Vitambulisho vilisema 1, 2, 3 kama kawaida ya IBM. Orodha ya kuruka ilikuwa ndani ya programu. Mtu mwenye kompyuta isiyo na orodha ileile angeweza kusoma kila sekta bila kosa hata moja, kisha akaletewa barua iliyokatwakatwa kila baada ya herufi 128, salamu zikiwa mwanzoni, sahihi katikati na habari yenyewe imetawanyika. Diski nzima, mashine nzima, na bado hakuna kinachoeleweka.

Hata hivyo fomati hii ya inchi 8 ndiyo iliyokuwa mahali pa kukutania. Vikundi vya wapenda kompyuta vilipopeana programu za CP/M, viliziweka humo, kwa sababu karibu kila mwenye kiendeshi kikubwa aliweza kuisoma. Ndiyo maana watu walivumilia viendeshi hivyo, na vilihitaji uvumilivu kweli. Mota ya Shugart SA800 ilichukua umeme wa ukutani moja kwa moja na kuzunguka kwa kufuata mapigo ya umeme huo. Marekani mapigo ni 60 kwa sekunde. Sehemu nyingi za dunia, Afrika Mashariki ikiwemo, ni 50. Kiendeshi cha Marekani ukikipachika kwenye umeme wa 50 bila kubadilisha puli na mkanda wake, kinazunguka mara 300 badala ya 360, na disketi zilizoandikwa kwa mwendo sahihi zinakishinda.

Mwaka 1976 kampuni ya Shugart ikatoa kiendeshi kidogo, SA400, cha disketi ya inchi 5 na robo. Bei yake dola 390, traki 35. Alan Shugart mwenyewe alikuwa ameshaondoka kwenye kampuni iliyobeba jina lake, lakini jina lilibaki. Kiendeshi hicho hakikutaka umeme wa ukutani, kiliingia kwenye sanduku la mezani, na kila mjenzi alikitamani.

Hapo ndipo mambo yalipoparaganyika. Kwa inchi 8 IBM ilikuwa imetangulia na wengine wakafuata. Kwa inchi 5 na robo hapakuwa na mkubwa wa kufuatwa. North Star walichagua matundu 10. Wengine wakachagua tundu moja. Traki zikawa 35, au 40, au 77, au 80. Sekta ikawa ya baiti 128 kwa huyu, 256 kwa yule, 512 kwa mwingine. Zaidi ya hayo palikuwa na namna mbili za kuandika. Ya zamani ilitanguliza pigo la saa mbele ya kila biti. Mpya iliondoa mapigo ya saa ambayo mashine ingeweza kuyakisia yenyewe, na kutu ileile ikabeba habari maradufu. Chipu ya Western Digital 1771, iliyopendwa sana na wajenzi, ilijua namna ya zamani tu. Mwenye 1771 akiletewa disketi ya namna mpya, kwake ni kelele tupu.

Hata kufunga disketi isiandikwe hawakukubaliana. Ya inchi 5 na robo ina pengo dogo ubavuni: ukiliziba kwa kipande cha karatasi ya gundi, haiandikiki. Ya inchi 8 ni kinyume chake: pengo likiwa wazi ndipo haiandikiki. Fikirieni mtu mwenye viendeshi vyote viwili mezani saa sita za usiku.

Stephen Wozniak, mtu wa klabu ya wajenzi wa kompyuta za nyumbani kule California, alikwenda njia yake kabisa. Mwenzake wa kampuni ya Apple, Mike Markkula, alichoka kungoja kaseti impakilie programu yake ya hesabu za hundi, akaitaka kompyuta yao, Apple II, iwe na diski. Krismasi ya 1977 Wozniak na kijana Randy Wigginton hawakupumzika. Walitaka kiendeshi chao kionekane kwenye maonyesho ya Las Vegas mwezi Januari. Wozniak alichukua SA400, akang'oa sehemu kubwa ya saketi zake, kisha akabuni bodi ya kukiongoza yenye chipu nane. Bodi za wengine zilijaa chipu kwa makumi. Kazi iliyobaki aliibebesha programu. Tundu la mwanzo hakulitumia kabisa. Kifaa cha kuonyesha kwamba kichwa kimefika traki ya kwanza nacho akakiacha: programu iliamuru tu kichwa kirudi nyuma hatua nyingi kuliko traki zilizopo, kigonge kizuizi, na kwa hiyo kiwe kimefika kwa vyovyote. Mlio ule wa trrrr mtu anapowasha Apple II ndio kichwa kinachogonga ukuta.

Mwanzoni traki moja ilikaa sekta 13 za baiti 256. Mwaka 1980 Apple ikatoa namna bora zaidi ya kupanga biti, na bila kugusa kiendeshi, kwa kubadilisha chipu mbili kwenye bodi, sekta zikawa 16. Disketi ikapanda kutoka baiti 116,480 hadi 143,360. Mimi naiona kazi ya Wozniak kuwa nzuri kuliko zote za wakati ule, na pia naiona kuwa ndiyo iliyomfungia mtu nje kuliko zote. Chipu kama 1771 haiwezi kuisoma disketi ya Apple hata ukiibembeleza.

Basi mtu alifanyaje kumpa jirani programu? Angeweza kuinunua upya. Lifeboat Associates ya New York ilifanya biashara ya kuuza programu za CP/M katika fomati chungu nzima, na ilibidi mnunuzi aseme mashine yake ni ipi kabla hata hajataja programu. Angeweza kujenga mashine inayosoma fomati ya IBM, kama Big Board ya mwaka 1980, bodi moja kubwa yenye chipu ya Z80, kumbukumbu ya kilobaiti 64 na ile 1771, iliyouzwa kwa watu wa kulehemu wenyewe. Au angeacha disketi kabisa, akaziunga kompyuta mbili kwa waya au kwa simu. Mwaka 1977 Ward Christensen wa Chicago aliandika programu ya kufanya hivyo, iliyozaa utaratibu ulioitwa XMODEM. Ulipeleka faili fungu kwa fungu, na kila fungu lilikuwa na baiti 128. Kwa nini 128? Ndiyo sekta ya CP/M, iliyotoka kwenye disketi ya IBM ya 1973. Miaka mingi baadaye watu wasiowahi kushika disketi ya inchi 8 waliendelea kupelekeana mafaili kwa vipimo vyake.

IBM iliporudi mwaka 1981 na kompyuta yake ya mezani, disketi yake ya traki 40, sekta 8 za baiti 512, ikawa ndiyo ya kufuatwa, na kelele zikapungua. Hazikuisha. Kompyuta ya IBM AT ya mwaka 1984 ilikuja na kiendeshi cha traki 80 chenye kichwa chembamba. Kiliweza kuandika juu ya disketi ya zamani ya traki 40, lakini kilichora mstari mwembamba katikati ya njia pana. Pembeni yalibaki maandishi ya zamani. Ukiirudisha kwenye kiendeshi cha zamani chenye kichwa kipana, kinasoma mapya na ya kale kwa pamoja, kinachanganyikiwa. Dawa yake ilikuwa kutumia disketi isiyowahi kufomatiwa.

Ile ndogo ya koti gumu, inchi 3 na nusu, ambayo wazazi wenu huenda waliibeba mfukoni kwenda nayo ofisini au chuoni miaka ya 1990, ilianzia kwa Sony. Huandikwa megabaiti 1.44 juu yake. Fanyeni hesabu: pande 2, traki 80, sekta 18, baiti 512. Mnapata 1,474,560. Ukigawa kwa milioni unapata 1.47, ukigawa kwa 1,024 mara mbili unapata 1.41. Ile 1.44 inapatikana tu ukigawa kwa 1,024 kisha kwa 1,000, hesabu ambayo hakuna mwalimu angeikubali.

Siku hizi wanaookoa disketi za zamani hawaanzi kwa kuuliza fomati. Wana bodi ndogo, mojawapo yaitwa Greaseweazle, inayounganishwa na kiendeshi cha zamani kwa upande mmoja na kompyuta ya leo kwa upande wa pili. Haitafuti sekta. Inarekodi tu kila sumaku inapogeuka na muda uliopita tangu igeuke mara ya mwisho, mduara mzima, mara kadhaa. Disketi ya Apple, ya North Star, ya mtu aliyejiundia bodi yake mwenyewe kwenye karakana, zote kwayo ni mapigo. Fomati inatafutwa baadaye kwa programu, bila haraka, kutu ikiwa imeshapumzishwa. Na kama ni diski ya CP/M na orodha ya kuruka sekta haijulikani, mtu hutafuta faili lenye maandishi ya kawaida, asome mpaka sentensi ikatike ghafla, kisha apekue sekta nyingine moja moja mpaka aone ile inayoanza na nusu ya neno lililokatika.